"Sorry" si pole kila siku: neno la herufi tano lililonitoa jasho mu kazi

Leo siandiki juu ya CV wala juu ya bursa. Niko na neno moja tu la Kingereza, neno ambalo kila mmoja wetu analijua tangu utoto, hata wale ambao hawajakanyaga darasa la Kingereza: "sorry". Mimi nilisoma Kingereza miaka mitano, nikaandika memwari nzima juu ya nyakati za vitenzi, nikapata lisansi yangu vizuri. Hata hivyo, haka kaneno ndiko kalinipeleka mbele ya kamati ya nidhamu ku kazi yangu ya kwanza. Njo maana nataka tukachambue polepole.

Ilianza na ngazi. Nilikuwa nimeingia kazi katika shirika moja hapa Bukavu, upande wa depo, wiki ya pili tu. Shefu wetu alikuwa mama mmoja kutoka Uingereza, Kifaransa chake kidogo, Kiswahili hakuna. Mvua ya Bukavu munaijua. Asubuhi moja akawa anateremuka ngazi, kiatu kikateleza, akaanguka kwa magoti, makaratasi yakatawanyika. Mimi nilikuwa mbali kama mita kumi, nahesabu makartoni. Nikapaza sauti: "Sorry! Sorry, madam!" Akasimama, akajipangusa, akaniangalia na tabasamu ya kushangaa: "Why are you sorry? You didn't push me." Yaani: unaomba radhi ya nini, si wewe umenisukuma.

Nikabaki kinywa wazi. Kwetu mutu akianguka mbele yako na wewe ukanyamaza, hapo ndipo watu wanaanza kukuuliza maswali.

Muone kilichotokea. Mimi nilifikiri kwa Kiswahili, nikasema kwa Kingereza. Kichwani nilikuwa na "pole". Na pole yetu inafanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Tunasema pole na kazi, pole na safari, pole na mugonjwa, pole na musiba. Mutoto akijikwaa ndani ya nyumba, mama aliye jikoni anaita "pole!" bila kuona hata jiwe lenyewe. Anayesema pole habebi kosa lolote. Anasema: nimeona unavyoumia, hauko peke yako. Wenzetu wa Kinyarwanda wako na "ihangane" yao, vumilia, inafanya karibu kazi hiyohiyo. Kosa likiwa langu, hapo nabadilisha neno: unisamehe, naomba radhi, samahani, au ile "pardon" ya Wafaransa ambayo tumeifanya yetu. Kwa Lingala ni vilevile, "limbisa ngai" ni mutu anayeomba asamehewe, hawezi kuitupa hivihivi kwa mutu aliyefiwa.

Kwa hiyo sisi tuko na milango miwili: mulango wa maumivu na mulango wa kosa. Mwingereza yuko na mulango mumoja, "sorry", na mambo yote mawili yanapita humo. Anayesikia ndiye anabaki kukisia ni lipi limepita.

Neno lenyewe limetoka mbali. Katika Kingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, lilikuwa "sarig", kutoka "sar", maumano, kidonda. Ndugu yake wa damu bado yuko hai: "sore". Ukisema "sore throat", unasema koo linauma. Wengi tunadhani "sorry" ni mutoto wa "sorrow", huzuni, juu yanafanana na maana zinakaribiana. Hapana, ni koo mbili tofauti ambazo zimekaa jirani muda mrefu mpaka zimefanana sura. Maana ya kwanza ya "sorry" basi ilikuwa mutu mwenye kuumwa moyoni. Kuomba radhi kulikuja kukaa juu ya maana hiyo: niko na maumivu moyoni kwa sababu ya kitu nilichokutendea. Ukiangalia vizuri, mwanzo wake ulikuwa karibu na pole yetu kuliko na samahani.

Tusisahau pia kwamba ni kivumishi, si kitenzi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanateleza, kwa sababu Kiswahili na Kifaransa vinatupa vitenzi: nasikitika, naomba, "je regrette". Matokeo yake unasikia "I sorry", au mbaya zaidi, "I am regret". Kivumishi kinataka kitu cha kukibeba: "I am sorry", "she was sorry", "we feel sorry". Na kikikaa mbele ya jina, maana inageuka kabisa. "The man is sorry" ni mwanaume anayesikitika au anayeomba radhi. "A sorry man" ni mwanaume duni, wa kuonewa huruma, karibu tusi. Barabara fulani za kwetu ziko "in a sorry state". Barabara haiombi radhi, munielewe, ingawa wakati mwingine ingefaa.

Sasa niwaambie ile siku yenyewe.

Depo yetu ilikuwa na bati zilizotoboka. Nilikuwa nimeandika karatasi mbili, kwa Kifaransa, kuomba zitengenezwe. Hakuna aliyejibu. Usiku mumoja wa mwezi wa nne mvua ikapiga mpaka asubuhi, maji yakaingia, mifuko 38 ya unga wa mahindi ikaloa. Mimi sikuwa kazini usiku ule. Nilifika saa moja, nikaona lile balaa, roho ikaniuma kweli, juu nilijua ule unga ulikuwa wa nani: familia zilizokuwa zinangoja siku ya kugawiwa. Nikakimbia ku ordinateri, nikamuandikia shefu. Ile barua ninaikumbuka kwa moyo: "Dear Madam, I am very sorry for the 38 bags. I am sorry for the roof. Sorry for this situation."

Mwasikia mwenyewe pole tatu. Pole na mifuko, pole na bati, pole na haya mambo. Nilikuwa namfariji shefu wangu. Ndani ya akili yangu ilikuwa barua ya adabu sana.

Siku tatu baadaye nikaitwa. Watu watatu mezani, barua yangu imechapishwa, na zile "sorry" tatu zimepigwa mustari na kalamu nyekundu. Yule wa mambo ya wafanyakazi akaniuliza kwa utulivu: "Bwana, hapa umekubali kosa mara tatu. Ulifanya nini ku bati?" Nikajaribu kueleza. Lakini ukiwa na hofu unaeleza vibaya, na mimi, nisiwafiche, nilianza jibu langu na "I'm sorry, but..." Hiyo ikawa ya ine. Nikapewa barua ya onyo, na mazungumzo ya kukata sehemu ya mushahara yakaanza.

Aliyeniokoa ni mwenzetu mumoja wa fedha ambaye alisoma Kampala. Alipoisoma ile barua akacheka kwanza, kiisha akakasirika kwa niaba yangu. Akaenda kumuona shefu, akamweleza kwamba Uganda, Kenya na Tanzania watu wanasema "sorry" namna hiyohiyo kila siku. Ukipiga chafya, "sorry". Ukiangusha simu yako mwenyewe, wote waliokuwa karibu wanakuambia "sorry". Ni Kingereza kilichovaa shati la Kiswahili. Hakuna anayeungama. Shefu akakumbuka ngazi. Njo akatafuta zile karatasi zangu mbili za bati, akazikuta katika faili ya mutu mwingine. Barua ya onyo ikatolewa ku dosie yangu. Kontra yangu ilipoisha mwezi wa sita haikuendelea. Waliniambia ni bajeti. Inawezekana ilikuwa bajeti kweli.

Ningeandika nini? Nimefikiri swali hili usiku mwingi. Ningeanza na habari, si na hisia: "I am writing to report that 38 bags of maize flour were damaged by rain last night." Kiisha ningetaja karatasi zangu na tarehe zake: "I reported the leaking roof twice." Na kama nataka kuweka moyo wangu humo, kuna namna isiyobeba kosa: "I am sorry to bring you this news." Angalieni hiyo "to". Mule ndani ya vile vineno vidogo vinavyofuata "sorry" ndimo maana inakaa, na hakuna mwalimu aliyenifundisha.

"Sorry to" na kitenzi cha kusikia au kuona ni pole safi: "I'm sorry to hear that", pole, nimesikia. Mutu akikuambia amefiwa, ameibiwa, amekataliwa viza, hili ndilo jibu lako, na hakuna atakayekuuliza kama ni wewe uliyemuibia. "Sorry for" ndiyo yenye mutego. Ikifuatwa na jambo nililofanya, ni kuomba radhi: "I'm sorry for shouting". Ikifuatwa na hasara ya mwenzangu, ni rambirambi: "I'm sorry for your loss", maneno wanayoyasema ku matanga. Ikifuatwa na mutu, ni huruma: "I feel sorry for him", namhurumia. Lakini muwe waangalifu, ukimwambia mutu usoni "I feel sorry for you", anaweza kusikia dharau, kama vile umemwangalia kutoka juu. Mimi niliiandika "sorry for the roof", na bati si hasara ya moyo wala si mutu. Kilichobaki kwa msomaji ni kosa. "Sorry about" iko katikati, inaweza kuwa pole au samahani ndogo: "sorry about the noise", "sorry about your phone". Ikiwa hujui uchague nini kati ya jirani na jirani, hiyo inakusaidia. Katika ripoti ya kazi, usiitumie.

Mutauliza: lakini Waingereza wenyewe si wanasema "sorry" kwa kila kitu? Ni kweli. Mwanaantropolojia wao mumoja, Kate Fox, alipokuwa akitayarisha kitabu chake juu ya tabia za Waingereza, alikuwa anagonga watu makusudi mu njia na mu vituo vya treni, na wengi wa wale waliogongwa ndio waliosema "sorry". Lakini hiyo ni "sorry" ya njiani, ya kupitisha mabega. Wakiiandika mu karatasi, inabadilika uzito. Mu nchi zao kuna sheria zilizotungwa kwa ajili ya neno hili peke yake, juu watu walikuwa wanaogopa kulisema. Ukigonga mutu na gari, ukateremka ukamwambia "I'm sorry", avoka wake anaweza kusimama mbele ya juji na kusema: alikiri. Basi watu wakaanza kunyamaza mbele ya mutu aliyelala chini na damu. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliweka sheria mwaka 1986 ili maneno ya huruma baada ya aksida yasitumiwe kama ushahidi wa kosa. British Columbia, kule Kanada, ilifanya yake mwaka 2006, na inataja wazi kauli ya mutu kusema kwamba ni "sorry". Mwaka huohuo Uingereza nayo ikaandika mu sheria kwamba kuomba radhi peke yake si kukubali deni. Fikirieni kidogo: bunge zima linakaa ili kuwaruhusu watu waseme pole.

Na si mambo ya mabiro na mahakama tu. Nchi nzima zinalizunguka neno hili kama maji ya moto. Australia, kwa miaka mingi, serikali ilikuwa inachukua watoto wa wenyeji wa nchi, Waaborijini, na kuwatenga na wazazi wao. Ripoti kubwa ilitoka mwaka 1997. Mwaka 1999 waziri mkuu John Howard akapitisha bungeni neno "regret", majuto, "sorry" akalikataa. Watu hawakukubali. Mwezi wa tano mwaka 2000 watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka daraja la Sydney kwa miguu, na juu yao ndege ikaandika "Sorry" angani kwa moshi. Ilibidi kungoja tarehe 13 mwezi wa pili 2008, waziri mkuu mwingine, Kevin Rudd, alisimame bungeni aliseme. Na hapa kuna kitu kilichonigusa: Waaborijini wenyewe, katika Kingereza chao, matanga na desturi zote za kumlilia marehemu wanaziita "sorry business". Kwao pia neno limebeba pole. Lakini siku ile hawakuwa wanadai pole. Walikuwa wanadai lile lingine, lenye kosa ndani.

Sisi Wakongomani hii tunaijua, ingawa kwetu imepita mu Kifaransa. Tarehe 30 mwezi wa sita 2020, miaka 60 ya uhuru, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimuandikia Rais Tshisekedi barua na neno "regrets" ndani yake. Mwaka 2022 akaja mwenyewe, Kinshasa, Lubumbashi, mpaka hapa Bukavu, na Kinshasa akalirudia lilelile. Magazeti ya Kingereza yaliandika "regret", na mengi yakaongeza kwamba hakufika ku "apology". Hapa mutaani nilisikia watu wakifasiri: "Mufalme amesema pole." Wengine: "Mufalme ameomba musamaha." Si kitu kimoja! "Regret" inaweza kuwa tu: ningependa lisingetokea. Haisemi nani alilitenda. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo tume ya bunge la Ubelgiji juu ya ukoloni ilifunga kazi bila kupatana juu ya kuomba radhi, na hofu moja iliyosikika ni kwamba anayeomba radhi ataombwa fidia. Si kwamba neno hawalijui. Mwaka 2002 waziri wao Louis Michel aliomba radhi juu ya kifo cha Lumumba, na mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel akaomba radhi kwa watoto machotara walionyang'anywa mama zao. Kwa hiyo ukikuta mahali fulani wamechagua "regret", jua wamechagua.

Kosa langu lina upande wake wa pili, na huo naona haya zaidi kuueleza, juu safari hii aliyeumia si mimi.

Ilikuwa Kadutu, karibu na soko. Jip yetu ilirudi nyuma, ikagonga beseni la mama mumoja muuza tomati. Tomati zote chini, nusu zimepasuka. Mugeni aliyekuwa anaendesha akashuka, amebadilika uso, mikono ku kifua: "I'm so sorry. I'm so, so sorry." Akanigeukia nimfasirie. Na mimi, mwenye lisansi, nikamwambia yule mama: "Mama, anasema pole sana."

Mama akasimama. "Pole? Pole ya nini? Mvua njo imepasua tomati zangu? Si ni yeye!" Watu wakaanza kukusanyika. Motari wawili wakazima moto zao waangalie. Mugeni haelewi kwa nini ameomba radhi vizuri hivi na mama anazidi kupanda. Na mama alikuwa na haki yote. Kwa mudomo wangu, mutu aliyemuharibia biashara alikuwa amesimama pembeni kama mupita njia, anamfariji. Ilibidi baba mumoja mzee aniguse bega: "Mutoto, sema anaomba radhi. Kiisha aulize bei." Nikasema upya: "Mama, anasema ni yeye amekosa, anaomba umusamehe, na anauliza zilikuwa za ngapi." Mama akahesabu, mugeni akalipa bila kubishana, na mama mwenyewe akamalizia na neno lile nililolitumia vibaya: "Pole na yeye, barabara ni ndogo."

Tangu siku ile, kabla ya kufasiri "sorry" najiuliza swali moja: huyu anayesema, mikono yake iko ndani ya jambo ao iko nje? Ikiwa ndani, pole haitoshi. Na nikigeuza kutoka Kiswahili kwenda Kingereza nafanya kinyume: "pole na kazi" haina "sorry" kabisa. Usimwambie Mwingereza "sorry for your work", atadhani umedharau kazi yake. Hawana neno la pale. Sema tu "you've been working hard", ao mupe maji ya kunywa.

Kuna "sorry" nyingine ndogondogo ambazo munazikuta kila siku, nizipitie mbio. Ile inayopanda sauti mwishoni, "Sorry?", ni "unasema?", sikusikia, iko na adabu kuliko "What?" ambayo tunaitupa kama jiwe. "I'm sorry, but..." ni "hapana" iliyovaa koti, ukiisikia usingoje sana kinachofuata. "You'll be sorry" ni kitisho, utajuta. Na "we are sorry to inform you", hiyo tuko nayo wengi katika email zetu, sina haja ya kuieleza.

Ila moja nataka niwaombe muiache. Nimekaa mara mbili mu juri ya kuajiri vijana, na karibu kila mutu aliyeingia alianza na "Sorry for my English." Kabla hata hajakosea! Ku sikio la Mwingereza umeungama kosa ambalo bado halijaonekana, na sasa anaanza kulitafuta. Kijana mumoja kutoka Uvira hakusema hivyo. Alikwama katikati ya swali, akavuta pumzi, akasema "Sorry, let me say that again", akarudia sentensi yake polepole, akaendelea. Ile ilikuwa na mahali pake. Alipata kazi.

Juzi mudogo wangu, ambaye yuko mwaka wa mwisho mu Kingereza, alinitumia ujumbe usiku: "Yaya, profesa wangu amefiwa na mama yake, na mimi nimechelewesha shapita yangu wiki mbili. Nimuandikie sorry moja ao mbili?" Nikamwambia mbili, na zisikae mu sentensi moja, asije akachanganya musiba na uvivu wako. Akaandika kwanza "I am sorry for your loss". Akaruka mustari. Kiisha "I am sorry that my chapter is late", na siku atakayoileta. Asubuhi akanipa jibu nilione: "Thank you. Monday is fine."